Nyumba ya Marion Haiuzwi

Kosa alilifanya Generosa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu na kwa ule mwandiko mzuri aliofundishwa na masista kule Rombo. Hakushikiwa bunduki. Aliandika alichokiona, akatia saini, akaweka saa, akafunga daftari na kuteremka kuwahi basi. Na kama yupo anayetaka kumlaumu, apange foleni, maana wa kwanza kwenye foleni hiyo ni Generosa mwenyewe, na hajaondoka hapo tangu Februari.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, kusini mwa London. Kule nyumbani Tanzania wanaiita kubeba boksi, na wanacheka wakisema hivyo. Ebo! Boksi gani linalolia likivuliwa nguo mbele ya mgeni? Miaka kumi na moja Generosa ameogesha watu, amewalisha, amewavisha soksi, amewasikiliza. Na kwa miaka mitatu ya mwisho asubuhi zake zote zilikuwa za bibi mmoja tu, Marion, mwenye miaka themanini na tisa, aliyekaa peke yake kwenye fleti ya ghorofa ya tatu huko Peckham.

Marion alikuwa Mskochi. Alikuja London akiwa binti wa miaka ishirini kusomea ukunga, akazalisha nusu ya Peckham, kwa maneno yake mwenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuacha kulalamika kwamba maji ya huku hayafai kwa chai. Kampuni ya walezi ilikuwa imemwandika Generosa kwenye ratiba kama "Jen", kwa kuokoa nafasi. Siku ya kwanza Marion alimtazama juu ya miwani.

"Mama yako alikuita Jen?"

"Hapana. Generosa."

"Basi nitakuita alivyokuita mama yako. Mimi sina haraka."

Tangu siku hiyo Generosa alimpenda, na Generosa akishampenda mtu, basi tena, humwondoi.

Sebuleni, juu ya hita, ilining'inia picha ya nyumba ya kijijini kwao Marion. Nyumba ya mawe matupu, ya kijivu, yenye kuta nene kiasi kwamba mtoto angeweza kulala dirishani, na mlango mfupi wa kumwinamisha hata askofu. Kwenye jiwe lililolala juu ya mlango zimechongwa herufi mbili za jina la bwana harusi, mbili za bibi harusi, na mwaka: 1714. Ndivyo walivyofanya zamani watu wa kijiji kile. Mkioana, mnachonga jiwe, halafu atakaye kukanusha na akanushe. Serikali ilikwisha kuiweka nyumba hiyo kwenye orodha ya majengo ya kale, kwa hiyo kuibomoa ilikuwa marufuku. Kuiuza ilikuwa ruksa.

Mwenye nyumba ni Marion. Baba yake alimwachia yeye, si kaka yake, kwa sababu alijua kaka angeiuza kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Jambo hilo Generosa alilisikia akaduwaa, kwa sababu kwao Uchagani binti haachiwi kitu. Mama yake mwenyewe alipokufa, kaka zake walikiuza kihamba, lile shamba la familia, pamoja na migomba, kahawa, makaburi na mimea yake yote ya masale, na yeye alipiga simu kutoka Peckham akaambiwa, "Wewe umeolewa, nyamaza." Akanyamaza. Leo pale alipolala mama yake ni sehemu ya kuegeshea magari ya gesti, na kila akikumbuka kwamba alinyamaza huona aibu mpaka masikio yanamwaka moto.

Sasa, kosa lenyewe. Marion alikuwa na desturi moja. Asubuhi, kabla ya kugusa chai yake, alimimina tone moja kwenye kisosi, akakiweka chini ya ile picha, akasema, "Habari ya asubuhi, mama." Kisha akampa mama yake habari: mvua imenyesha, jirani wa chini kalazwa, bei ya siagi ni uhuni mtupu. Mara ya kwanza Generosa alipoona hayo hakuuliza chochote. Aulize nini? Babu yake kule Rombo hakuwahi kunywa mbege, pombe yao ya ndizi, kabla ya kuwamwagia waliotangulia, mmoja mmoja, kwa jina. Kwake yeye hatimaye alikuwa amempata mzungu mwenye adabu.

Na kazi ile ina sheria yake: kisichoandikwa hakikufanyika. Jikoni kwa kila mzee kuna daftari. Umempa dawa, andika. Kaenda chooni, andika. Kasema nini, ana hali gani, andika. Basi Generosa, mtu wa kufuata sheria, akaandika: "Marion amemsalimia mama yake. Tumempa mama chai." Kesho yake: "Marion na mama wameongea vizuri. Mama anaendelea salama." Na siku nyingine, Mungu amsamehe: "Leo tumezungumza na mama kuhusu nyumba. Mama hataki iuzwe." Miaka mitatu ya kurasa za namna hiyo! Hakuna aliyezisoma, maana madaftari yale hayasomwi na mtu mpaka siku anapokutafutia kisa.

Aliyezisoma ni Alasdair, mtoto wa yule kaka. Zamani alikuwa akija mara mbili kwa mwaka na kopo la biskuti. Ilipotokea kampuni ya hoteli ikaitaka ile nyumba ya mawe iwe ya wageni wa mapumziko, akaanza kuja kila Jumapili. Marion aliambiwa habari ya hoteli mara moja, akasema hapana mara moja, akadhani yamekwisha. Lakini Alasdair alikuwa na hati aliyosainiwa na shangazi yake miaka sita nyuma, kwamba siku akili ikimtoka Marion, yeye ndiye atamwamulia mambo yote. Kilichokosekana ni akili kumtoka tu.

Josée, mama Mkongomani aliyeshika zamu za jioni na aliyezoea kumwita Generosa yaya, yaani dada, ndiye aliyempigia simu.

"Yaya, ule mutoto wa kaka yake iko anapiga daftari foto, ukurasa kwa ukurasa! Sipendi ile macho yake."

"Anapiga daftari picha? La nini?"

"Sijue. Lakini alikuwa anacheka."

Wiki haikuisha Generosa akaitwa ofisini, Stratford. Meneja wake, Usha, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye simu mbili zilizolia kwa zamu na hofu ya kushtakiwa. Alimsukumia Generosa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Mimi fulani, nathibitisha kwamba mteja anaamini mama yake marehemu yu hai, kwamba huongea naye na humpa chakula, na kwamba nimelishuhudia hilo kwa miaka mitatu.

"Saini hapo chini, Jen. Si umeandika mwenyewe?"

"Sikuandika kwamba yu hai."

"Umeandika anaendelea salama." Usha alikisoma kile kipande kwa sauti, na hapo ofisini kikasikika kibaya mno. "Alhamisi ofisa wa ustawi wa jamii anakuja kwa Marion kuamua kama bado ana uwezo wa kujiamulia. Familia imetuomba ushirikiano. Sasa sikiliza, maana sitarudia. Ama mteja amechanganyikiwa, ama wewe ndiye huwezi kuandika ripoti. Chagua kimojawapo."

"Na wakiamua amechanganyikiwa?"

"Atapelekwa kwenye nyumba ya wazee. Nzuri tu. Na ile nyingine itauzwa."

Generosa alirudi nyumbani na karatasi ndani ya mkoba. Binti yake, Lilian, mwanafunzi wa chuo, aliisoma akiwa amesimama karibu na friji. Lilian anakisikia Kiswahili chote, hata cha mafumbo, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza, na siku hiyo alijibu vilevile: mama asaini, maneno si ni yake, kazi zenyewe zinapatikana kwa taabu, na bibi wa watu ana ukoo wake wa kumtetea.

"Ukoo wake ndio unaomla," Generosa alisema. "Mimi nilishanyamaza mara moja, Lilian. Nikaambiwa nyamaza, nikanyamaza, na bibi yako leo anakanyagwa na matairi. Usiniambie tena ninyamaze. Nakukataza."

Lilian alimtazama mama yake, akairudisha karatasi mezani taratibu, akamwuliza kama amekula.

Kesho yake asubuhi Generosa alifika kwa Marion akaungama kabla hata ya kuvua koti.

"Bibi, nimekuharibia."

Akaeleza yote, akamfungulia daftari. Marion alichukua kioo chake cha kukuzia maandishi akasoma kurasa mbili, tatu, midomo ikicheza.

"'Mama anaendelea salama,'" alisoma kwa sauti. "Mama yangu, tuliyemzika mwaka nilioolewa. Anaendelea salama!" Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakohoa, mpaka Generosa akamshika mgongo. Kisha kicheko kikamkatika ghafla, na Generosa akaona kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye uso ule. Marion aliogopa.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini, bibi? Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Hapa sivyo wanavyofanya. Hata kijijini kwetu alikuwa bibi yangu peke yake, na mchungaji alimgombeza kwa hilo mpaka alipokufa." Alifunga daftari. "Wataichukua, Generosa."

Ndipo alipomsimulia. Bibi mzaa bibi yake aliitwa Kirsty. Enzi zake mwenye ardhi aliwafukuza wapangaji kijiji kizima ili alishe kondoo. Maofisa wakaja na karatasi zao, wakamkuta Kirsty ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Alijikokota akajilaza mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akawaambia, haya, piteni. Wakasimama kwenye mvua mpaka jioni, wanaume sita wazima, hakuna aliyethubutu kumruka. Mtoto akazaliwa palepale juu ya jiwe, wao wakaenda zao, hawakurudi. Baadaye baba yake Marion alivunja mawe ya watu machimboni miaka thelathini ndipo akainunua nyumba ikawa yao kweli.

"Sasa Alasdair anataka waweke beseni la maji moto pale alipojilaza Kirsty," Marion alisema. "La watu kulewa ndani yake. Na atatumia mwandiko wako."

"Sitasaini, bibi."

"Utafukuzwa."

"Na nifukuzwe!"

Aliisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na yeye mwenyewe ikamshtua. Kisha akaenda kuchota maji ya kumwogeshea Marion, kwa sababu saa mbili na nusu ilikuwa imefika na kazi ni kazi.

Alhamisi walijaa sebuleni. Ofisa wa ustawi wa jamii aliitwa Gurdial, mzee wa makamo mwenye kilemba cha buluu na begi lililochakaa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alasdair alikaa kwenye kochi, nakala za daftari zikiwa magotini, amezipaka wino wa njano kila penye neno mama. Usha alikaa pembeni yake. Generosa alisimama, kwa sababu walezi hawakukaribishwa kukaa, na kwa sababu alipanda basi la 36 akiyarudia maneno yake kwa Kiingereza tangu kituo cha kwanza na aliogopa akikaa yatamtoka kichwani.

"Bi Marion," Gurdial alianza, "nitakuuliza maswali. Ukichoka uniambie."

"Ukichoka wewe, uniambie."

Aliulizwa tarehe, akaijibu. Aliulizwa dawa zake, akazitaja zote pamoja na ile aliyogoma kuimeza na sababu ya kugoma. Hapo Alasdair akaomba nafasi. Alisema anampenda shangazi yake, na huenda hakudanganya, lakini kazi iliyopo ni kumlinda, na kuna mambo mtu hawezi kuyaona kwa maswali ya nusu saa. Akaanza kusoma. Alisoma polepole kama padri anayesoma matangazo. Tumempa mama chai. Mama anaendelea salama. Tumezungumza na mama kuhusu nyumba, mama hataki iuzwe.

"Bibi yangu alikufa miaka sitini iliyopita," alisema. "Na ndiye anayeamua nyumba iuzwe au isiuzwe."

Gurdial aliandika kitu. Usha akatoa ile karatasi, akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Mfanyakazi wetu yuko tayari kuthibitisha," alisema. "Jen?"

Maneno yote ya kwenye basi yalikwisha kumpotea Generosa. Alikuwa na woga, tusidanganyane, woga wa kodi ya nyumba na wa ada ya Lilian. Lakini chini ya woga palikuwa na hasira ya miaka, na hasira ndiyo iliyofungua mdomo.

"Sisaini."

"Jen, tulizungumza."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilisikiliza. Sasa mnisikilize mimi." Alimgeukia Gurdial. "Hayo maneno ni yangu, bwana. Marion hajaandika humo hata nukta. Aliyeandika kwamba mama anaendelea salama ni mimi, Generosa, na mimi mnanipa funguo za nyumba za watu na vidonge vya wagonjwa wa moyo, hakuna siku mmeniuliza kama nina akili. Kwetu mtu hanywi kabla ya kuwapa waliotangulia. Babu yangu alifanya hivyo kila jioni, na alikuwa mwalimu mkuu. Alijua wamekufa, aliwazika mwenyewe! Nilimwona huyu bibi anafanya kama babu yangu, nikaandika kama ambavyo ningemwandika babu yangu. Kama huo ni wazimu, basi mlima mzima tunakotoka ni wazimu, tuandikeni wote. Na mkianza, anzeni na mimi. Andika hapo: Tarimo, Generosa. Akili imemtoka."

"Jen, inatosha," Usha alisema.

"Generosa!" Sauti ilitoka kwenye kiti cha dirishani, na ilikuwa ya Marion. "Anaitwa Generosa. Miaka mitatu sasa. Na mimi ndiye mnasema nasahau."

Alasdair alikunja uso, akapanga upya karatasi zake magotini. Gurdial hakumtazama. Alisogeza kiti chake mpaka karibu na Marion.

"Mama yako yuko wapi, Bi Marion?"

"Nyuma ya kanisa, safu ya pili, kulia kwa baba. Nilimwosha mwenyewe nikamfunga kidevu."

"Na unapomsalimia asubuhi, anakujibu?"

"Angekuwa hai angenijibu, tena nisingemaliza hata sentensi moja. Ndiyo maana naongea naye sasa."

Gurdial aliliandika jibu hilo neno kwa neno. "Na kwamba hataki nyumba iuzwe? Alikuambia lini?"

"Siku tatu kabla ya kufa. Hajabadili msimamo."

"Lakini hawezi kuishi kule!" Alasdair alisimama. "Mwulize hilo. Ngazi ni za mawe, hakuna hita, paa linavuja, daktari yuko mbali. Atakufa katika wiki moja. Huo ndio uamuzi wa mtu mwenye akili?"

"Nani alikuambia nataka kwenda kuishi kule?" Marion aliuliza.

Alasdair akaketi tena.

"Nina miaka themanini na tisa. Ngazi zile zingeniua kabla ya Jumapili, nazijua, nimeanguka pale nikiwa na miaka saba. Sijasema nakwenda. Nimesema haiuzwi. Ni maneno mawili tofauti. Mmeketi vikao kuhusu mimi, mmepima miguu yangu na kichwa changu, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka nini." Akageuza shingo. "Wala wewe, Generosa. Wewe ulifikiri nataka kwenda kufia kule, ukawa unanihurumia. Usinihurumie. Sikukuomba."

Ilimchoma Generosa, kwa sababu ilikuwa kweli tupu. Usiku kucha alikuwa amemwona Marion kichwani mwake kama bibi kizee anayelilia kurudishwa kwao. Kumbe mwenzake hakuwa analia hata kidogo.

Gurdial alimwuliza nyumba ikibaki itakuwaje. Marion akamwambia. Paa la nyuma limeoza upande wa kaskazini. Kuna mwanamke kijijini anayefungua madirisha kila Jumamosi, na jina lake akalitaja. Ukiacha majira mengine mawili ya baridi bila fundi, ukuta wa jikoni utaanza kuteremka. Akifa yeye, nyumba iende kwa kijiji, na wosia upo kwa mwanasheria tangu mwaka juzi. Alijua hata aina ya kigae kinachotakiwa na kwamba machimbo yake yamefungwa. Aliongea dakika kumi bila kutafuta neno, na alipomaliza akaomba maji.

"Nitaandika ripoti," Gurdial alisema, akifunga begi, "lakini sitawaficha itakachosema. Bi Marion anaelewa anachoamua, anaelewa hasara yake, na ameamua. Bwana Alasdair, hati yako haijaanza kufanya kazi. Huenda uamuzi wake ni mbaya. Sheria haisemi mzee asikosee. Inasema akosee mwenyewe."

Alasdair alikusanya nakala zake. Kwa mara ya kwanza Generosa aliona kwamba naye alikuwa mtu mwenye miaka sitini, aliyeahidi watu kitu asichokuwa nacho.

"Itaanguka, shangazi," alisema. "Unajua hilo. Miaka kumi, hakutakuwa na kitu pale. Ungeweza kuipa watu wenye uwezo wa kuitunza, ukaacha ianguke kwa ukaidi."

"Na ianguke," Marion alisema. "Ila ikianguka, ianguke ikiwa yangu. Ufunge mlango vizuri, unapitisha baridi."

Kwenye korido, mbele ya lifti, Usha alinyoosha mkono aletewe beji. Alisema Generosa ameiaibisha kampuni mbele ya mteja, mbele ya ofisa wa halmashauri, na kwamba barua itafuata, na kesho asikanyage pale. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba yeye binafsi anasikitika. Generosa alimwamini hilo la mwisho, lakini halikusaidia kitu.

"Chukua," alisema, akiivua shingoni. "Imeandikwa Jen. Huyo simjui."

Akashuka kwa ngazi, ghorofa zote tatu. Chini kabisa, karibu na mapipa ya taka, akashika ukuta akalia kidogo. Kisha akajifuta akapanda basi, na njia nzima alikuwa akicheka peke yake na kujiuma mdomo, watu wakimkwepa.

Ijumaa saa mbili asubuhi alibonyeza kengele ya Marion. Hakuvaa ile blauzi ya kazini. Alivaa gauni lake la kitenge la kanisani na viatu vya visigino. Mlango ulichukua muda kufunguliwa, kwa sababu aliyeufungua alikuwa anatembelea kigari cha kujikongojea.

"Wameniletea mwingine," Marion alisema. "Msichana mzuri. Nimemwambia arudi mchana. Wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukusalimia, bibi. Sina kazi hapa."

"Basi ni mgeni."

"Ndiyo."

"Mgeni hukaa."

Akamwonyesha kiti cha dirishani, kiti chake mwenyewe, akageuza kigari kuelekea jikoni. Generosa akainuka nusu. "Kaa!" ikatoka sauti, na akakaa. Alisikia droo ikifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa. Alisikia yai likipasukia sakafuni na neno la Kiskochi ambalo hakulielewa ila alilielewa. Kikaango kilianguka, akasimama, akakaa tena, akashika mikono ya kiti kwa nguvu zake zote. Harufu ya kuungua ikaja. Mungu peke yake ndiye anayejua alivyojizuia, mtu wa miaka kumi na moja ya kukimbilia kila kishindo. Dakika ishirini na tano zilipita hivyo.

Marion alirudi na sahani moja juu ya kigari, akaishusha, akarudi kuifuata ya pili. Mayai yalikuwa meusi chini na mabichi juu. Walikula. Generosa alikula yote.

"Mei nakwenda kuliangalia lile paa," Marion alisema, akipaka siagi kwenye mkate. "Naenda na kurudi. Nataka nilione kwa macho yangu kabla sijamwita fundi. Wewe una nafasi, huna kazi. Tutapanda treni ya asubuhi."

"Bibi, huko ni safari ya siku nzima. Treni, halafu treni nyingine, halafu basi. Mwili wako huu? Utafia njiani."

"Basi nitakuwa nimefia njia ya kwetu," Marion alisema. "Kula na mkate, huo hapo."